Ukuaji wa trauti katika mito ya Nyanda za Juu Kusini

Ukuaji wa trauti katika mito ya Nyanda za Juu Kusini ni namna samaki hao wanavyoongezeka urefu na uzito katika vijito vya milimani vya mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, kusini magharibi mwa Tanzania. Hutegemea hasa joto la maji, oksijeni iliyomo, wingi wa chakula, idadi ya samaki wanaokigawana na hali ya kingo za mto. Mambo hayo hayafanyi kazi moja moja. Kijito chenye baridi ya kutosha kinaweza kuwa na trauti wadogo kwa sababu chakula ni haba, na kijito chenye chakula tele kinaweza kuwapoteza wote katika wiki chache za joto la Oktoba.

Trauti si samaki wa asili wa Tanzania. Wanaishi tu pale ambapo mwinuko wa nchi unawapa baridi wanayoihitaji, na sehemu hizo ni finyu.

Jina na aina

Katika Kiswahili "samaki wa maji baridi" kwa kawaida ni samaki wowote wa mito na maziwa, kinyume cha wale wa maji chumvi. Sato na kambale huitwa samaki wa maji baridi ingawa hustawi katika maji ya uvuguvugu. Trauti ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili: anaishi mitoni, na anahitaji maji yenye baridi kweli.

Aina mbili ndizo zilizoletwa Afrika ya Mashariki. Trauti upinde (Oncorhynchus mykiss), mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki huko Amerika ya Kaskazini na kaskazini mashariki mwa Asia. Vitabu vya zamani humwita Salmo gairdneri. Trauti kahawia (Salmo trutta) asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na milima ya Atlas. Kusini mwa Sahara hakuna trauti wa asili.

Kuletwa kwao

Mayai ya kwanza ya trauti kahawia yalifika Kenya mwaka 1905 kutoka Uskoti, yakiletwa na mlowezi Ewart Grogan, na vifaranga wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti upinde walifuata baadaye kutoka Afrika Kusini. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, trauti walipandikizwa katika mito ya Kilimanjaro na ya Nyanda za Juu Kusini, ikiwemo sehemu ya juu ya mto Kiwira na vijito vya Mufindi. Lengo halikuwa kulisha watu bali burudani ya kuvua kwa ndoano, iliyopendwa na maofisa wa serikali na wenye mashamba ya chai. Wenyeji wengi walimjua samaki huyo kwa kumwona tu.

Mipaka ya mikoa imebadilika tangu wakati huo. Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, kwa hiyo maandishi ya zamani yanayotaja "trauti wa Iringa" yanaweza kuwa yanazungumzia mito ambayo leo imo Njombe.

Joto la maji

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake huwa na joto la maji anamoogelea. Maji yakipoa sana, uyeyushaji wa chakula tumboni hupungua kasi, naye hula kidogo na kukua kidogo. Maji yakipata joto hula zaidi, lakini gharama ya kuishi nayo hupanda. Sehemu kubwa ya chakula hutumika kwa kupumua na kuogelea tu. Hatimaye hufikia hatua ambapo samaki anakula kutwa bila kuongezeka uzito, na zaidi ya hapo huanza kukonda.

Kwa trauti kahawia anayepata chakula cha kutosha, ukuaji huanza maji yakizidi takriban 4 °C, huwa wa kasi karibu na 13 °C, na husimama karibu na 19 °C. Vipimo hivyo vinatokana hasa na majaribio ya J. M. Elliott huko Uingereza katika miaka ya 1970. Trauti upinde huvumilia joto kidogo zaidi: hukua vizuri kati ya 12 na 16 °C, na maisha yake huwa hatarini maji yanapokaribia 25 °C.

Majaribio hayo yalionyesha pia jambo lenye maana kubwa kwa mito ya Mbeya na Iringa: joto linalomfaa samaki hubadilika kulingana na shibe yake. Samaki mwenye njaa hukua vyema zaidi katika maji yenye baridi zaidi, kwa sababu hapo mwili wake hutumia kidogo. Maji ya 15 °C ni mazuri kwa trauti wa bwawani anayelishwa kila siku, lakini yanaweza kuwa ya moto mno kwa trauti wa kijito kilekile anayejitafutia wadudu wachache. Kupima joto peke yake bila kuangalia chakula kwa hiyo hupotosha.

Katika nchi za tropiki baridi hupatikana kwa kupanda juu. Joto la hewa hushuka kwa takriban 0.6 °C kwa kila mita 100 za mwinuko. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na mji wa Iringa chini kidogo ya hapo. Vilima vya Mufindi hufika karibu mita 1,900 na zaidi, uwanda wa Kitulo uko karibu na mita 2,600, na mlima Mtorwi pembeni mwa uwanda huo una mita 2,961. Ziwa Nyasa liko chini kabisa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yanayotoka Kitulo yakiwa na ubaridi wa kuuma vidole hufika Kyela yakiwa ya uvuguvugu. Sehemu ya mto inayomfaa trauti ni ile ya juu tu, na mara nyingi huishia mahali mto unapoingia kwenye mashamba ya chini.

Upande wa kaskazini hali ni hiyohiyo. Vijito vinavyotoka milima ya Poroto na Kipengere huteremka hadi bonde la Usangu, lililo karibu na mita 1,000, na kulisha mto Ruaha Mkuu. Trauti hawezi kuvuka Usangu kwenda mto mwingine, kwa maana joto la bonde humzuia kama ukuta. Hivyo kila kijito cha juu ni kama kisiwa. Samaki wake wakifa, hakuna wengine watakaopanda kutoka chini kuchukua nafasi yao, isipokuwa watu walete vifaranga wapya.

Mwaka usio na majira ya baridi kali

Huko Ulaya ya kaskazini trauti hukua kwa miezi michache, kisha husubiri majira ya baridi yapite. Katika Nyanda za Juu Kusini hakuna kipindi cha namna hiyo. Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali na sakitu huonekana asubuhi kwenye nyasi za Kitulo, lakini mito haigandi. Samaki anaweza kukua mwaka mzima.

Kipindi kigumu hapa huwa mwisho wa kiangazi. Mvua za nyanda hizi huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwezi Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mito huwa imepungua kabisa, jua ni kali, na maji machache yanayosonga polepole hupata joto haraka. Trauti hukusanyika kwenye vina vyenye kivuli na kwenye midomo ya chemchemi. Hula kidogo, na hushikwa kwa urahisi na ndege, fisi maji na watu.

Hali hiyo ya mwaka mzima huwasumbua wanaotaka kujua umri wa samaki. Katika nchi zenye baridi kali magamba ya trauti huwa na alama ya kila mwaka, kama pete za mti, iliyoachwa na miezi ya kudumaa. V. D. van Someren, aliyechunguza trauti wa Kenya na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1952, aliandika kuhusu tatizo la kusoma alama hizo Afrika ya Mashariki. Gamba linaweza kuwekwa alama na kutaga mayai au na njaa, bila uhusiano na mwaka. Kwa sababu hiyo madai kwamba trauti fulani wa Mbeya "ana miaka mitatu" yanahitaji ushahidi mwingine, kama vile samaki waliowekewa alama siku ya kuachiliwa mtoni.

Oksijeni

Trauti anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa mabwawani. Ikishuka chini ya miligramu 6 hivi kwa lita, hamu yake ya kula hupungua na ukuaji hufifia hata kama chakula kipo.

Mwinuko humpa trauti baridi lakini humnyang'anya oksijeni. Kwenye usawa wa bahari maji ya 15 °C yanaweza kushika takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano, na maji hayohayo hushika takriban miligramu 8. Bado yanatosha, lakini akiba imepungua. Maji yakipanda hadi 20 °C hubaki takriban 7, na hapo uchafu kidogo tu unaooza, kama kinyesi cha ng'ombe au mabaki ya mazao, unaweza kuyashusha hadi kiwango cha hatari. Maporomoko na mawe yanayopasua maji hurudisha oksijeni. Ndiyo maana trauti hupatikana zaidi kwenye mito yenye mteremko kuliko kwenye mabwawa yaliyotulia ya mwinuko uleule.

Chakula

Trauti mdogo hula wadudu wa majini: mabuu ya usubi yanayojishikiza kwenye mawe, mabuu ya oda ya Ephemeroptera, na yale ya Trichoptera yanayojijengea vifuko vya mchanga na vijiti. Akikua huongeza viluwiluwi, samaki wadogo na kaa wa mtoni, ambao ni mlo wa maana kwa trauti mkubwa. Sehemu nyingine ya chakula hutoka nchi kavu. Panzi, siafu na mende huanguka kutoka kwenye nyasi na matawi, na mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi wengi wao huishia majini. Kijito chembamba chenye miti kandokando kinaweza kumlisha samaki kutokana na miti hiyo kuliko kutokana na mawe yake.

Wingi wa wadudu wa majini hutegemea kwanza mwani na majani yanayooza, na hivyo hutegemea madini yaliyomo majini. Hapa miamba ina neno lake. Mufindi imekaa juu ya miamba ya kale sana iliyokwisha kusuuzwa na mvua kwa muda mrefu; maji yake ni meupe na laini, yenye chokaa kidogo. Maji ya namna hiyo yanapendeza kuyatazama, lakini hulisha wadudu wachache. Rungwe na Poroto ni nchi ya volkeno yenye udongo mchanga kwa umri na madini zaidi. Tofauti kama hiyo inajulikana pia Uingereza: mito inayotoka kwenye miamba ya chokaa ya kusini hutoa trauti wakubwa, ilhali vijito vya milima ya Uskoti, vyenye maji laini, hujaa trauti wadogo wa urefu wa kiganja.

Idadi ya samaki

Wengi hudhani kwamba trauti wadogo ni dalili ya uvuvi uliopita kiasi. Katika vijito vya milimani mara nyingi sababu ni kinyume chake: samaki ni wengi kuliko chakula. Pale ambapo kuna changarawe safi ya kutagia na wavuvi ni wachache, vifaranga wengi hupona na kugawana chakula kilekile. Kila mmoja hushika eneo lake nyuma ya jiwe na kulilinda, na wenye nguvu huchukua sehemu ambazo mkondo unaleta wadudu zaidi. Wengine husukumwa pembeni na kudumaa. Mayai huanza kukomaa samaki akiwa bado mdogo, na nguvu ambayo ingeongeza mwili huenda kwenye mayai.

Kumwaga vifaranga zaidi katika kijito kama hicho ni kosa la kawaida. Hakuongezi uzito wa samaki mtoni, bali hugawa uzito uleule kwa midomo mingi zaidi.

Kutaga na changarawe

Kusini mwa ikweta trauti hutaga katika miezi ya baridi. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia. Mayai ya trauti upinde huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi maji yakiwa 10 °C. Ya trauti kahawia huchukua takriban wiki sita. Muda wote huo maji yenye oksijeni lazima yapite kati ya kokoto. Udongo laini ukiziba nafasi hizo mayai hufa bila mtu kuona chochote, kwani juu mto unaonekana uleule.

Kingo, mashamba na miti

Kwa sasa mambo yanayobadilisha ukuaji wa trauti Nyanda za Juu Kusini yanatoka zaidi kwenye kingo kuliko ndani ya maji.

Katika Iringa na Njombe watu hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu wa kudumu, ambazo hutoa mahindi mabichi, maharage, viazi na mboga wakati mashamba ya milimani yamekauka. Kwa familia nyingi kinyungu ndicho kinacholeta ada ya shule na chakula cha miezi ya njaa. Lakini kinyungu hukaa palepale chemchemi inapotoka. Miti na matete hukatwa, mifereji huchimbwa kuondoa maji, na mto hupoteza kivuli chake na sehemu ya maji yake katika mwezi uleule wa Oktoba ambao ni mgumu kwa samaki. Mvua za kwanza kisha hushusha udongo uliotifuliwa moja kwa moja kwenye changarawe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Utekelezaji wake kwenye mabonde membamba ni mgumu, kwa sababu mita 60 kila upande mara nyingi ni bonde zima, na katazo la vinyungu limekuwa hoja ya mara kwa mara katika siasa za Iringa. Kilimo kinachoacha ukanda mwembamba wa miti ya asili na nyasi kando ya maji hakitimizi sheria hiyo, ingawa kwa samaki kina tofauti kubwa na kilimo kinachofika mpaka majini.

Dawa za mashambani nazo zina nafasi yake. Wakulima wa viazi mviringo kwenye miinuko ya Mbeya na Makete hupiga dawa mara kwa mara dhidi ya ukungu na wadudu, na mvua husomba sehemu yake. Hata pareto, zao la miaka mingi la nyanda hizi, hutoa sumu ambayo kwa binadamu ina madhara kidogo lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni kali mno. Kijito kinaweza kupoteza wadudu wake kwa dawa isiyotosha kuua samaki. Trauti hubaki hai na kukonda.

Kuhusu miti ya kupandwa, Mufindi ina shamba la misitu la Sao Hill, kubwa kuliko yote Tanzania, lenye misindano na mikaratusi. Mikaratusi ikipandwa karibu na chemchemi hunywa maji mengi na mtiririko wa kiangazi hupungua. Kivuli inachotoa hakifidii maji inayoyachukua.

Trauti na viumbe wa asili

Aina zote mbili za trauti zimo katika orodha ya IUCN ya viumbe wageni 100 waharibifu zaidi duniani. Vijito vya juu vya Nyanda za Juu Kusini vina samaki wadogo wa asili, wakiwemo kambale wadogo wa mawe wa jenasi Amphilius, pamoja na vyura ambao viluwiluwi wao hawakuzoea kuwindwa na samaki mkubwa. Sehemu za juu ya maporomoko, ambako samaki hawakuweza kufika wenyewe, ndizo zenye hatari zaidi trauti akipelekwa. Kwa hiyo si kila hatua ya kumkuza trauti ni faida kwa mto. Kupanda upya miti ya asili, kuzuia udongo na kuacha maji yatiririke huwasaidia trauti na samaki wa asili pamoja. Kupandikiza vifaranga kwenye kijito kipya huwasaidia trauti peke yao. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa sababu ya maua yake, inalinda pia vyanzo vya maji vya pande zote mbili, Ruaha na Ziwa Nyasa.

Ufugaji

Trauti wa kufugwa hukua haraka kuliko wa mtoni. Katika maji ya 12 hadi 16 °C yanayopita bila kukoma, trauti upinde anaweza kufikia uzito wa kuuzwa, gramu 250 hadi 350, katika mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Vikwazo ni viwili. Kwanza ni chakula: trauti ni mla nyama, na chakula chake lazima kiwe na protini ya asilimia 40 au zaidi, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye unga wa samaki kama dagaa. Kwa gharama hiyo hawezi kushindana kwa bei na sato, hivyo soko lake huwa hoteli na nyumba za wageni. Pili ni maji yenyewe. Bwawa la trauti halitumii maji yaliyosimama bali huchepusha mto, na maji yanayorudi mtoni huwa na joto zaidi, oksijeni pungufu na kinyesi. Matumizi ya namna hiyo huhitaji kibali cha ofisi ya bonde husika: Bonde la Rufiji lenye makao mjini Iringa kwa mito ya kaskazini na mashariki, au Bonde la Ziwa Nyasa lenye makao Tukuyu kwa mito kama Kiwira.